Mkeka Kwanza, Punje Baadaye

Cheti changu cha kazi kina mistari miwili. "Ndeshi alikuwa yaya katika nyumba yangu. Alifanya kazi vizuri." Chini yake kuna sahihi ya Bwana, imeandikwa kama na mtu aliyekuwa akifukuza inzi. Miaka saba, mistari miwili! Kila nikikisoma damu inanipanda. Kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe yaliyobaki, mtoto akiwa amelala. Akiamka, mtaona mwandiko umeharibika.

Ninastaafu nikiwa na miaka ishirini na tatu. Chekeni. Mama mmoja kanisani ameshaniambia, "Binti, wanaostaafu ni wazee. Wewe umefukuzwa." Sawa mama, nimefukuzwa. Familia niliyoitumikia imeondoka, na bibi mpya wa shamba aliponiona na mwanangu mgongoni alisema hataki yaya mwenye mtoto. Hebu isomeni tena hiyo. Ni sawa na kumkataa mpishi kwa sababu ameonekana akila.

Basi nawaandikia nyinyi wasichana mliomaliza shule ya misheni na sasa mnaingia katika nyumba za Wazungu wa mashamba haya ya chini ya Mlima Meru. Mtaambiwa kazi yenu ni kulea mtoto. Uongo. Kazi yenu ni kusema. Watoto wanajilea nusu yake. Lakini yule bibi asiyejua hata neno la kuomba maji, huyo mtambeba ninyi.

Siku ya kwanza nilipanda shambani na "Guten Morgen" yangu nimeipiga pasi. Shuleni nilifika darasa la mwisho, na Kidachi tulifundishwa kwa fimbo, kwa hiyo kilikaa. Bibi alikuwa barazani anashona. Nikainama, nikaisema. Akanijibu kitu ambacho hakikufanana na Kidachi hata kwa mbali. Nikarudia. Naye akarudia. Nilisimama pale nikiwaza kwamba mwalimu wetu alitudanganya miaka yote ile.

Mzee Yohana, mpishi, Mmeru mwenzangu, alikuwa akitazama kutoka mlango wa jiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usihangaike. Huyo si Mdachi. Mdachi ni bwana wake. Hata Bwana akimfokea kwa Kidachi, yeye anaendelea kushona."

Ndivyo nilivyojua. Bwana alikuwa amelima kahawa nchi ya mbali inayoitwa Guatemala kabla ya kuletwa kulima kwetu, na huko alioa. Mkewe, Bibi Remedios, alizungumza Kihispania. Mtoto wao Pilar, msichana wa miaka mitatu, alizungumza hichohicho, tena kwa kupiga kelele. Katika mlima mzima hakukuwa na mtu mwingine wa kuongea naye. Wake wa Wadachi walikuja kumtembelea mara moja, wakanywa kahawa kimya, wakaondoka.

Nilijifunza majina ya vitu kwanza, kwa kuonyeshwa kidole. Hilo hata kuku angeweza. Miezi sita baadaye nilikuwa nikisema ya leo bila shida: mtoto anakula, mvua inanyesha, maziwa yamefika. Shida ilikuwa jana.

Kwetu ukisema "alikuja", msikilizaji anajisaidia mwenyewe. Alikuja mara moja akamaliza, au alikuwa mtu wa kuja kila siku, utafahamu mbele ya safari. Kihispania hakikupi nafasi hiyo. Kabla hujafungua mdomo umeshachagua. Ukisema "llegó", amefika, limekwisha, funga mlango. Ukisema "llegaba", mlango uko wazi: alikuwa akifika, alikuwa na kawaida ya kufika. Nikamuuliza bibi, nitajuaje wakati wa kutumia hili na wakati wa kutumia lile? Akafikiri sana, sindano hewani.

"Porque sí, mija," akasema. Yaani: kwa sababu ndivyo ilivyo, binti yangu.

Asante sana. Mwalimu bora niliyewahi kuwa naye, na hakujua kufundisha hata chembe.

Basi nikawa nachagua kwa kubahatisha, kama mtu anayekamata kuku gizani. Mzee Yohana alianguka ngazini siku moja, mara moja tu, akiwa amebeba sufuria. Mimi nikampelekea bibi habari kwa ile namna ya mlango wazi, kwamba Mzee Yohana alikuwa mtu wa kuanguka. Wiki nzima bibi alikuwa akimnusa.

"Ndeshi," Mzee Yohana aliniuliza, "huyu mama ananitafuta nini mdomoni?"

"Sijui, mzee."

"Hujui? Mimi ni mzee wa kanisa, na jana amenificha chupa ya siki!"

Njia niliipata uwanja wa kuanikia kahawa, na nataka muishike, hata kama hamtakutana na Mhispania mpaka mnazikwa. Kahawa ikishaoshwa huanikwa juu ya mikeka. Pilar alipenda kunyakua punje na kuzirusha. Zilizoangukia mkekani tuliziona. Zilizoangukia majanini zilipotea, au zilifanana na mavi ya mbuzi. Nikamtazama yule mtoto, nikatazama mkeka, nikacheka peke yangu.

Kuna mambo ni mkeka. Hali ya hewa, umri wa mtu, saa ngapi, watu walivyokuwa wakiishi, walichokuwa wakifanya kila asubuhi. Hayo yanatandikwa. Hayana mwanzo wala mwisho unaouona kutoka ulipokaa. Na kuna mambo ni punje: alifika, alivunja, aliona, akaondoka. Hayo yanadondoka, ta, ta, ta, unaweza kuyahesabu. Mvua ilikuwa inanyesha: mkeka. Bwana akafika: punje. Mkeka bila punje, watu watakuuliza, "Enhe, halafu?" Punje bila mkeka, hakuna atakayejua ni kahawa au ni mavi ya mbuzi.

Ukisikia "siku zote" au "nilipokuwa mtoto", tandika. Ukisikia "jana" au "ghafla", dondosha. Lakini msiyategemee sana maneno hayo, ni kama nyapara: siku nyingine hayapo kazini. Jiulizeni tu, jambo hili ninalihesabu au ninalikalia?

Nikachukua kipande cha mkeka uliochakaa, ukubwa wa meza ndogo, na punje za kahawa kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Hivyo ndivyo vilikuwa vyombo vyangu vya kazi kwa miaka saba. Jioni Pilar alikuwa akinisimulia siku yake. Kila alichotenda, punje moja juu ya mkeka. "Nilikula. Nilianguka. Nililia. Nilimpiga paka." Tukimaliza tunahesabu, na mwenye punje nyingi ndiye aliyeishi zaidi siku hiyo. Mimi nilishindwa kila jioni. Bibi naye alikuwa akisikiliza huku anashona, na nikikosea anakohoa. Kikohozi kimoja, nimedondosha palipotakiwa kutandika. Viwili, nimetandika palipotakiwa kudondosha. Mwaka mzima alikuwa na kifua kibaya yule mama, halafu kikapona.

Sasa nije kwenye siku ambayo sipendi kuiandika.

Maziwa ya nyumba ile yaliletwa na Yeyo. Upande ule wa mlima Wameru na Waarusha wanapakana. Migomba yetu inaishia, ng'ombe wao wanaanzia. Yeyo maana yake mama kwa lugha ya Waarusha, na kila mtu alimwita hivyo. Mwanamke mrefu, mjane, Kiswahili chake kidogo na kigumu kama kuni mbichi. Kila asubuhi alipanda na kibuyu chake.

"Takwenya, Ndeshi."

"Iko, Yeyo."

Tukishasalimiana hivyo kwa Kiarusha, alinipa kibuyu, nikampa Mzee Yohana, basi. Hayo maziwa ndiyo yaliyolisha watoto wake, maana kutoka nyumba ile alipata unga, chumvi, na ruhusa ya kupitisha ng'ombe wake kwenye njia ya shamba kwenda mtoni. Bila ruhusa ile angezunguka nusu siku.

Jambo moja bibi hakulijua. Waarusha hawaoshi kibuyu cha maziwa kwa maji peke yake. Huchukua kijiti cha mzeituni wa porini, wakakiwasha mpaka kikawa kaa, wakakisugua ndani ya kibuyu, kisha wakapangusa kwa brashi ndefu. Maziwa hukaa bila kuharibika, na hupata harufu ambayo ukiizoea, maziwa mengine utayaona kama maji ya kuogea. Ila hubaki vichembe vyeusi. Miaka mitatu Mzee Yohana alikuwa akiyachuja maziwa yale kwa kitambaa kabla hayajafika mezani, na hakumwambia mtu. Mpishi hatangazi kila anachochuja.

Siku hiyo Mzee Yohana alikuwa msibani. Pilar alikuwa ametapika tangu alfajiri, amelegea kama jani la mgomba lililopigwa jua. Mimi nilimimina maziwa sufuriani moja kwa moja kutoka kwenye kibuyu, nikamrudishia Yeyo kibuyu chake, nikampelekea bibi kikombe ampe mtoto. Bibi akatazama ndani ya kikombe. Vichembe vyeusi vinaelea.

"Hiki nini? Nani ametia?"

Nami kwa haraka, kwa woga, na kwa kujivunia kwamba sasa Kihispania nakijua, nikajibu kwa punje moja safi: "Yeyo. Alitia mkaa kwenye maziwa."

Hakukohoa. Hapakuwa na kosa, kila neno lilikuwa mahali pake. Ni kweli Yeyo alitia mkaa, asubuhi ile kama asubuhi nyingine. Nilisema kweli na nikamwangamiza mtu.

Bibi alipiga yowe lililomtoa Bwana ofisini. Akamweleza. Bwana akatuma watu, na kabla sijajua pa kuweka kile kikombe, Yeyo alikuwa ameletwa uani, nyapara mmoja huku, mwingine kule, akiwa bado ameshika kibuyu chake. Bwana akamuuliza kwa Kiswahili:

"Wewe ulitia mkaa katika maziwa ya mtoto?"

"Ndiyo. Mimi tia."

"Kwa nini?"

"Maziwa kuwa zuri."

"Mtoto anakufa!"

Yeyo akamtazama kama mtu anayemtazama ndama mpumbavu. "Mimi tia vizuri," akasema. "Nyingi."

Wallahi ningeweza kumziba mdomo. Kila alilojibu lilikuwa kweli, na kila kweli ilikuwa kamba nyingine mkononi. Bwana akasema apelekwe boma la serikali Arusha mchana uleule. Na mnajua, mtu akishapelekwa boma kwa kesi ya mtoto wa Mzungu, hapo hamuulizi atarudi lini, mnauliza nani atachunga ng'ombe wake.

"Bwana," nikasema, "sikumaliza kusema."

"Umeshasema. Inatosha."

Jamani, nilikasirika! Nilimkasirikia yeye, na yule mama asiyejua kujitetea, na Mzee Yohana na kitambaa chake, na zaidi ya wote nilijikasirikia mwenyewe, mwalimu wa mikeka, niliyerusha punje majanini mbele ya watu wote. Nilikwenda ndani sikumwomba mtu ruhusa. Nikarudi na kile kipande cha mkeka, nikakitandika barazani, miguuni pa bibi. Pah! Vumbi likaruka.

"Sikiliza," nikamwambia kwa lugha yake. Sikumwita bibi wala nani. "Kila asubuhi mama huyu alikuwa akiamka kabla ya jua. Alikuwa akichoma kijiti. Alikuwa akisafisha kibuyu kwa kaa, kama mama yake alivyokuwa akifanya, na mama wa mama yake. Watoto wake wanne walikuwa wakinywa hayo. Pilar naye, miaka mitatu, alikuwa akinywa hayo kila siku, na alikuwa akinenepa. Mzee Yohana alikuwa akichuja, ndiyo maana hukuona."

Nikamgeukia Yeyo, nikamwambia asafishe kibuyu palepale, kama nyumbani kwake. Nyapara mmoja akatumwa kijiti, akaenda akinung'unika. Yeyo akakiwasha jikoni, akasugua, akatikisa, akapangusa, taratibu, bila kumtazama mtu. Akamimina humo maziwa yaliyobaki sufuriani. Akanywa. Nikapokea, nikanywa. Nikamwekea bibi kikombe mkononi.

Bibi akakinusa. Akakizungusha, vichembe vikazunguka nacho.

"Mama wa mama yangu," akasema polepole, "alikuwa akitia chokaa kwenye mahindi. Kila jioni. Wageni waliokuja walidhani anatuua."

Akanywa.

Bwana akasema hiyo ni sawa, lakini mtoto ni mgonjwa, na ugonjwa una sababu. Hapo tukasikia miguu. Pilar alikuwa ametoka kitandani, nguo ya kulalia imeburuzika, na alipouona mkeka umetandikwa alidhani ni jioni na mchezo umeanza. Akachuchumaa. Akachukua kikombe changu kilichovunjika mkono, akaanza kudondosha.

"Nilikula," akasema, punje. "Nilikula." Punje. "Nilikula." Punje.

"Ulikula nini, mpenzi?" mama yake akauliza.

"Matunda mekundu. Ya pale." Akaonyesha mikahawa. Kahawa iliyoiva mtini ina utamu kidogo, mnajua wenyewe, mtoto gani hajanyonya. Lakini huwa mbili, tatu. Huyu alidondosha punje mpaka kikombe kikaisha, akanitazama kwa furaha. "Leo nimeshinda."

Bwana alikohoa. Si kile kikohozi cha kunisahihisha, ni cha mtu anayetafuta pa kuangalia. Akawaambia wanyapara wamwache mama aende, akarudi ofisini. Pilar kesho yake alikuwa akimkimbiza paka.

Mnadhani yameisha? Yeyo hakuja siku ya pili. Wala ya tatu. Mzee Yohana, aliporudi msibani akaambiwa yote, alimwuliza bibi kupitia kwangu kama huko kwao mtu akishikwa na wanyapara mbele ya watu huwa anaachwa tu aende.

"Hapana," bibi akasema. "Unakwenda kwake."

"Basi aende," Mzee Yohana akasema. Akatoka nje akakata jani la isale, ambalo kwetu Wameru ukimpelekea mtu kuomba msamaha hawezi kukataa. Kisha akang'oa majani mabichi ya malisho, maana Waarusha ndiyo wanayoshika kuombea amani. Akamkabidhi yote. "Mwambie ashike mkono huu na huu. Asibahatishe."

Tukashuka, bibi na viatu vyake vya kamba, majani mikono yote miwili kama mtu anayekwenda kulisha mbuzi. Yeyo alikuwa mlangoni. Alitazama majani, akatazama viatu, akatuacha tusimame kiasi cha kutosha.

"Takwenya," akasema hatimaye.

Nilikuwa nimemfundisha bibi njiani. "Iko, Yeyo," akasema, vibaya sana.

Yeyo akapokea nyasi. Jani la isale akampa ng'ombe. Kesho yake kibuyu kilipanda, na kuanzia siku hiyo bibi alikataza maziwa yasichujwe. Wageni wa Kidachi walipoletewa kahawa yenye maziwa ya kijivu, alikuwa akiwatazama usoni mpaka wanywe.

Kwamba baadaye niliolewa na mtoto mkubwa wa Yeyo, hayo ni ya nyumbani, si ya kazini. Nasema tu kwamba alikuja shambani kumshukuru yule msichana aliyetandika mkeka, na alikuja kushukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mambo mengine ya miaka ile siyaandiki, mtoto ameanza kujinyoosha. Pilar alikua, akawa anasimulia kwa lugha tatu na kusema uongo kwa zote. Kisha Bwana akaitwa kwingine, masanduku yakafungwa. Bibi alichukua kibuyu kimoja cha Yeyo, akakifunga ndani ya gauni lake la hariri. Alinikumbatia mbele ya wanyapara. Bwana ndiye aliyenipa cheti.

Leo asubuhi, ya tano tangu waondoke, niliamshwa na moshi wa mzeituni. Mama mkwe wangu alikuwa ameshachoma kijiti, amesugua kibuyu, amekijaza. Akajifunga shuka, akatoka. Nilimwona kupitia mlangoni akipanda njia ileile, mwendo uleule. Alifika mtoni. Akasimama. Akabaki pale, kibuyu mkononi, akitazama juu kwenye ile nyumba ambayo bibi mpya ameshasema hataki maziwa yenye masizi.

Nikatoka na mtoto mgongoni nimwite, lakini alikuwa ameshageuka. Alirudi akicheka mpaka mabega yanatikisika.

"Miguu," akaniambia, akijipiga paja. "Hii miguu haikuagwa!"

Akakaa, akamchukua mjukuu wake, akammiminia kikombe kizima, vichembe na vyote. Huyu ninayeambiwa hafai kuonekana kazini alikinywa chote, akabaki na sharubu za kijivu. Kisha akapiga kikombe chini, ta, akataka kingine.